Kipimo cha mwanga kinachoona ugonjwa wa macho kabla yako



Leo katika safu yetu ya afya tunazungumzia macho. Kabla hujaendelea kusoma, jiulize swali moja: mara ya mwisho kupimwa macho ilikuwa lini? Hatuzungumzii ile siku uliyosomeshwa namba ya gari kwa mbali ulipokuwa unatafuta leseni, wala siku uliyokwenda kubadilisha miwani ya kusomea. Tunazungumzia siku ambayo mtaalamu alitazama nyuma kabisa ya jicho lako na kukueleza alichokiona.

Wengi wetu tulio ughaibuni tumeingia miaka 40, 50 na 60 tukiwa mbioni. Kuna wanaoendesha teksi na malori, kuna walio viwandani, kwenye nyumba za kulelea wazee, hospitalini, madukani na maofisini. Presha ya damu tunapima, sukari tunapima, lakini jicho tunalisahau kwa sababu haliumi. Na hapo ndipo penye hatari. Magonjwa makubwa ya macho yanayokuja na umri huanza kimyakimya. Ukisubiri mpaka uone tofauti, mara nyingi sehemu ya uwezo wako wa kuona imeshakwenda na haitarudi.

Habari njema ni kwamba kuna kipimo kinachotumia mwanga peke yake, kisichoumiza na kinachochukua dakika chache, chenye uwezo wa kuonyesha madhara hayo mapema, hata kabla wewe mwenyewe hujahisi chochote. Kinaitwa OCT. Hebu tukifahamu vizuri.

MACHO NA UMRI

Kuna magonjwa manne ambayo kila mtu aliyevuka miaka 40 anapaswa kuyajua kwa majina.

Wa kwanza ni mtoto wa jicho. Huu tunaufahamu toka nyumbani. Lenzi ya jicho inaingia ukungu, mtu anaona kama yuko nyuma ya kioo kichafu. Daktari anaitoa lenzi hiyo kwa operesheni fupi, anaweka ya bandia, na kwa kawaida mgonjwa anaona tena. Hatutakaa sana hapa, kwa sababu kilichofichwa na mtoto wa jicho kinaweza kurudishwa. Magonjwa matatu yanayofuata hayana huruma hiyo.

Wa pili ni glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka wakati wote, kama sinki iliyo chini ya bomba lililo wazi. Njia ya kutokea ikiwa nzito, maji yanajaa, presha inapanda na kuuharibu mshipa wa fahamu unaotoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo. Mshipa huo una nyuzi takriban milioni moja, nazo zinakufa polepole. Kuona kunaanza kupungua pembeni. Jicho moja linafidia upungufu wa jingine, na ubongo unajaza mapengo yaliyobaki, hivyo mwenye jicho hajui kitu. Anasoma gazeti vizuri, anatazama mpira, anaendesha gari. Mtu anaweza kupoteza robo ya nyuzi zake au zaidi kabla hata kipimo cha kawaida cha upeo wa kuona hakijaonyesha kasoro.

Wa tatu ni ugonjwa wa makula. Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea picha, unaitwa retina. Katikati ya utando huo kuna sehemu ndogo sana iitwayo makula, na ndiyo inayokuwezesha kusoma, kutia uzi kwenye sindano na kumtambua mtu kwa sura. Umri ukisonga, sehemu hii huweza kuchakaa. Kuna aina kavu, ambayo huenda taratibu kwa miaka. Kuna na aina ya majimaji, ambapo vijishipa vya damu visivyo imara huota chini ya retina na kuvuja. Hii ya pili inaweza kuharibu uoni wa katikati ndani ya wiki au miezi michache.

Wa nne ni madhara ya kisukari machoni. Huu haungoji uzee, lakini kadiri miaka ya kuishi na kisukari inavyoongezeka ndivyo hatari inavyokua. Mishipa midogo ya damu ya retina inavuja, makula inavimba, na kuona kunafifia.

KWA NINI SISI HASA

Glakoma ya kawaida huwapata watu wenye asili ya Afrika mara nyingi zaidi kuliko wazungu, na kwetu huanza katika umri mdogo zaidi. Utafiti uliofanywa katika mji wa Baltimore, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1991, ulikuta ugonjwa huu kwa weusi mara nne hadi tano zaidi ya wazungu. Nyumbani nako hali inafanana. Utafiti uliofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2000, ulikuta kwamba karibu watu 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walikuwa na glakoma.

Ugonjwa wa makula unasemwa kuwa ni wa wazungu. Ni kweli wao wanaugua zaidi, lakini na sisi haujatusahau: utafiti wa macho uliofanyika Nakuru, Kenya, mwaka 2007 na 2008 kwa watu wa miaka 50 na zaidi uliukuta. Na kuhusu kisukari hatuna haja ya kusema mengi. Kila nyumba inajua, iwe Muscat, Minneapolis au Leicester.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi zaidi, nalo ni historia ya familia. Mtoto, kaka au dada wa mgonjwa wa glakoma ana hatari kubwa kuliko mtu mwingine. Daktari wa huku atakuuliza, "Kwenu kuna mwenye glakoma?" Wengi tunajibu hapana. Lakini ukifikiri vizuri utakumbuka babu aliyekuwa akishikwa mkono kwenda msikitini, au shangazi aliyeacha kutoka nje jioni kwa kuwa alikuwa anajikwaa. Watu walisema ni uzee. Hakuna aliyempima. Ukiulizwa swali hilo, basi, usiishie kwenye hapana. Sema: "Babu yangu alipofuka ukubwani na hatukujua sababu." Hilo nalo ni jibu, na daktari mzuri atalizingatia.

OCT NI KITU GANI?

Jina lake refu la kitaalamu si lazima ulikariri. Taja herufi hizo tatu, o-si-ti, na mtaalamu wa macho wa nchi yoyote atakuelewa.

Wote tunaifahamu altrasaundi ya mama mjamzito. Mashine inatuma sauti, sauti inagonga na kurudi, na picha inachorwa kutokana na mwangwi huo. OCT inafanya kazi ya namna hiyo, ila inatumia mwanga. Ugumu uko hapa: mwanga unakwenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde moja, na ndani ya jicho unafika na kurudi kwa muda mfupi mno kiasi kwamba haiwezekani kuupima kwa saa ya kawaida. Wataalamu wakatumia ujanja. Mwanga unagawanywa njia mbili. Sehemu moja inaingia jichoni, nyingine inakwenda kwenye kioo kilicho umbali unaojulikana. Miale hiyo miwili ikirudi na kukutana, jinsi inavyochanganyika inaeleza kila tabaka la retina liko kwenye kina gani.

Retina yote haizidi theluthi moja hivi ya milimita kwa unene, na ndani yake kuna matabaka kumi. Mashine za sasa zinaweza kutofautisha vitu vilivyoachana kwa mikroni 5 hivi, yaani sehemu 5 kati ya 1,000 za milimita moja. Unywele wako mmoja ni mnene mara kumi ya hapo au zaidi.

Ili kuelewa faida yake, fikiria mkate. Picha ya kawaida ya nyuma ya jicho inakuonyesha ukoko wa juu tu. OCT inakuonyesha slesi iliyokatwa, toka juu mpaka chini, bila kisu kugusa mkate. Kwa mwenye glakoma inapima unene wa tabaka la nyuzi za mshipa wa fahamu na kuonyesha mahali lilipoanza kuwa jembamba. Kwa mwenye ugonjwa wa makula inaonyesha uchafu wa njano uliojikusanya chini ya retina, au maji yaliyovuja. Kwa mwenye kisukari inaonyesha uvimbe kabla kuona hakujaharibika sana.

Kipimo hiki kilitangazwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 katika jarida la Science na watafiti wa Boston na jirani zake, wakiwemo David Huang, James Fujimoto na Eric Swanson. Mashine ya kwanza ya kuuzwa ilitoka mwaka 1996. Mwanzoni zilikuwa za taratibu, zikipima mamia ya mistari kwa sekunde, lakini za leo hupima makumi ya maelfu. Mwaka 2023 watatu hao walipewa tuzo ya Lasker, mojawapo ya tuzo kubwa za tiba huko Marekani. Siku hizi mashine hizi ziko hospitalini, na pia katika maduka mengi ya miwani ya mtaani.

SIKU YA KIPIMO

Usiogope. Utakaa kwenye kiti, utaweka kidevu na paji la uso kwenye kishikizo, na utaambiwa utazame alama ndogo yenye mwanga. Utatulia kwa sekunde chache bila kupepesa, kisha utahamia jicho la pili. Hakuna sindano na hakuna kitu kinachogusa jicho. Mwanga wenyewe ni hafifu na sehemu kubwa hauonekani kwa macho. Hauna mionzi kama ya eksirei, na unaweza kurudiwa kila mwaka bila madhara.

Wakati mwingine utatiwa matone ya kupanua mboni ili nyuma ya jicho ionekane vizuri zaidi. Matone hayo yanaleta ukungu na kufanya mwanga wa jua ukuchome kwa saa kadhaa. Siku hiyo usiendeshe gari kurudi nyumbani. Kama unaingia zamu ya usiku, panga siku nyingine. Beba miwani ya jua na orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na zile ulizotumiwa kutoka nyumbani.

Kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili mapema, wakati wa kupanga miadi. Katika hospitali za NHS huduma hiyo haina malipo, na hospitali za Marekani zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kisheria kutoa msaada wa lugha. Usimfanye mtoto wako wa miaka 12 kuwa mkalimani. Neno moja likipotea hapo katikati, mzigo unabaki kwenye jicho lako.

RANGI ZA MAJIBU

Mashine inalinganisha jicho lako na macho ya watu wazima wenye afya na umri kama wako, kisha inatoa ramani ya rangi. Kijani maana yake unene uko ndani ya kawaida. Njano maana yake uko chini, kwenye kundi ambalo ni watu 5 tu katika 100 wenye afya wangekuwemo. Nyekundu ni chini zaidi, ambapo angekuwemo mtu 1 katika 100.

Ukiona nyekundu usianze kulia, na ukiona kijani usianze kushangilia. Mtu mwenye macho mafupi, yaani asiyeona mbali bila miwani mikali, anaweza kuonyeshwa nyekundu hali jicho lake ni zima. Na aliyezaliwa na tabaka nene anaweza kupoteza nyuzi nyingi akiwa bado yuko kwenye kijani. Ndiyo maana OCT haisimami peke yake. Daktari anaiunganisha na presha ya jicho, kipimo cha upeo wa kuona, na kuutazama mshipa wenyewe. Presha nayo peke yake haitoshi: kawaida inasemwa ni kati ya 10 na 21, lakini wapo wenye glakoma ambao presha yao haijawahi kuvuka 21.

Kompyuta nazo zimeanza kusaidia kusoma picha hizi. Mwaka 2018 hospitali ya macho ya Moorfields ya London pamoja na kampuni ya DeepMind zilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba programu yao iliweza kusoma picha za OCT na kupendekeza hatua sahihi kwa kiwango cha asilimia 94, sawa na mabingwa. Hata hivyo, wa kukaa nawe na kukueleza bado ni daktari.

PICHA YA KWANZA NI AKIBA

Hapa, ndugu msomaji, tunaomba usome taratibu, kwa sababu jambo hili linawagusa wahamiaji kuliko wenyeji.

Nguvu kubwa ya OCT haiko kwenye picha moja, iko kwenye picha ya leo ikiwekwa kando ya picha ya miaka miwili au mitano iliyopita. Kila jicho lina umbile lake, na kila mwaka umri unapunguza nyuzi kidogo hata kwa mtu mzima wa afya. Swali la daktari ni hili: zinapungua kwa mwendo wa umri, au kwa mwendo wa ugonjwa? Bila picha ya zamani hana cha kulinganisha.

Sasa tazama maisha yetu. Mwaka huu uko Birmingham, mwaka ujao umefuata kazi Glasgow. Umetoka Dubai ukaenda Toronto. Umebadilisha mwajiri, bima imebadilika, na daktari pia. Kila unapohama unaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kupimwa, na mabadiliko ya miaka mitano yanapotea hivi hivi.

Dawa yake ni rahisi. Ukimaliza kupimwa, omba nakala. Sema unataka ripoti ya OCT ya macho yote mawili, yenye tarehe na jina la mashine, kwa sababu vipimo vya mashine za aina tofauti havilinganishwi moja kwa moja. Uingereza na Marekani sheria inakupa haki ya kupata nakala ya kumbukumbu zako za matibabu. Ipige picha kwa simu, itume kwenye barua pepe yako mwenyewe, na nyingine iweke pamoja na pasi na vyeti vyako. Mtu anayetunza stakabadhi za kutuma pesa nyumbani hashindwi kutunza karatasi ya macho yake.

UTAIPATA WAPI?

Uingereza: kupimwa macho ni bure chini ya NHS kwa waliofika miaka 60, wenye kisukari au glakoma, na wenye miaka 40 na zaidi ambao baba, mama, kaka, dada au mtoto wao ana glakoma. Scotland kupimwa macho ni bure kwa wakazi wote tangu 2006. Kumbuka kwamba OCT kwa kawaida haimo katika kipimo hicho cha bure cha dukani. Utaombwa ada ya ziada. Uliza pia kama wanachokuuzia ni OCT kweli au ni picha ya kawaida ya retina, maana ni vitu viwili tofauti. Ukipelekwa hospitali ya NHS kwa sababu ya shaka, OCT hutozwi. Wenye kisukari wa miaka 12 na zaidi huitwa kupigwa picha za macho kwa utaratibu maalumu. Barua hiyo ikija usiitupe pamoja na matangazo ya piza.

Marekani: chama cha madaktari bingwa wa macho kinashauri kila mtu apimwe kikamilifu afikapo miaka 40, hata kama haoni tatizo. Medicare huchangia kipimo cha glakoma mara moja kila miezi 12 kwa walio kwenye hatari kubwa, wakiwemo wenye kisukari, wenye historia ya familia, na weusi wa miaka 50 na zaidi. Angalia bima yako kwa makini. Bima ya miwani mara nyingi haigusi OCT, lakini bima ya matibabu huweza kuilipia kukiwa na sababu ya kitabibu. Wenye miaka 65 na zaidi wanaweza kuuliza kuhusu mpango wa hisani uitwao EyeCare America.

Walio Ghuba na nchi nyingine: uliza mwajiri au kampuni ya bima kama daktari wa macho amo. Kama una kisukari, anzia kwenye kliniki yako ya kisukari na omba upelekwe.

UKIKUTWA NA UGONJWA

Kukutwa mapema ni bahati. Glakoma haiponi, lakini inaweza kusimamishwa au kupunguzwa mwendo. Kuna dawa za matone, nyingine ni tone moja tu kila usiku. Kuna na leza, ambayo nayo ni mwanga: inalegeza njia ya maji kwa dakika chache. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba takriban watu 74 katika 100 walioanza na leza hiyo hawakuhitaji matone kwa miaka mitatu, na tangu 2022 mwongozo wa Uingereza unaitaja kuwa chaguo la kwanza kwa wagonjwa wengi wapya. Muulize daktari wako kama inakufaa.

Ugonjwa wa makula wa majimaji ulikuwa karibu hauna tiba. Kisha zimekuja sindano za dawa zinazochomwa ndani ya jicho baada ya kutia ganzi. Kusikia kunatisha, lakini zimewaokoa wengi, na OCT ndiyo inayomwonyesha daktari kama maji yamekauka au sindano nyingine inahitajika. Kwa ugonjwa huu siku zina thamani: mwongozo wa Uingereza unataka tiba ianze ndani ya siku 14 tangu mgonjwa anapopelekwa. Kwa aina kavu iliyofika hatua ya kati, vidonge maalumu vya vitamini na madini vinaweza kupunguza kasi. Na kama unavuta sigara, hii ni sababu nyingine ya kuacha.

Kwa madereva tuseme wazi. Wapo wanaokwepa kupimwa wakihofia leseni. Uingereza, mwenye glakoma ya macho yote mawili anatakiwa kisheria kuiarifu DVLA, na kwa leseni ya basi au lori hata jicho moja linatosha. Lakini kuarifu si kunyang'anywa. Wengi wanaokutwa mapema wanaendelea kuendesha kwa miaka mingi. Anayepoteza leseni ni yule aliyechelewa mpaka upeo wake wa kuona umeliwa, na huyo anaweza kupoteza zaidi ya leseni siku mtoto atakapokatiza barabara upande asiouona.

MAMBO YA KUACHA

1. Kutia matone ya kuondoa wekundu uliyotumiwa na rafiki. Baadhi yana steroidi, ambayo ikitumika muda mrefu inapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

2. Krimu za kujichubua zenye steroidi, hasa zikipakwa karibu na macho. Madhara ni hayo hayo.

3. Kutia jichoni asali, maji ya majani au dawa yoyote ya kienyeji.

4. Kuacha dawa ya glakoma kwa sababu "naona vizuri tu". Dawa hiyo hairudishi kilichopotea, inalinda kilichobaki.

5. Kuacha matone mwezi wa Ramadhani. Wanazuoni wengi wanasema matone ya macho hayabatilishi saumu. Muulize sheikh wako, na muulize daktari kama unaweza kuyatia baada ya futari.

USINGOJE MIADI

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona mistari iliyonyooka imepinda, doa jeusi katikati ya unachokitazama, pazia linashuka jichoni, mimweko ya ghafla, au jicho jekundu linalouma sana pamoja na kichwa na kutapika. Hayo si ya kupumzikia.

NA WALIO NYUMBANI

Ukikutwa na glakoma, wajulishe ndugu zako wote wa tumbo moja na watoto wako wakubwa. Si siri ya aibu. Ukiificha unawanyima nafasi uliyoipata wewe. Wazazi walio nyumbani nao wasisahauliwe. Ukituma pesa ya mwezi, tenga na ya kupimwa macho. Zipo hospitali zenye mabingwa wa macho, kama CCBRT ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi na kitengo cha macho cha hospitali ya Kikuyu nchini Kenya. Mama anaposema kwenye simu kwamba taa za siku hizi hazina mwanga, huenda taa hazina kosa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa jicho ni vibaya zaidi, kwani ukuta huu ukianguka hakuna fundi wa kuujenga tena. Kama umefika miaka 40, piga simu wiki hii, panga miadi, na ukifika taja zile herufi tatu. Ukitoka, toka na nakala yako mkononi.

Makala hii ni ya kuelimisha tu na haichukui nafasi ya ushauri wa daktari wako.